Baba, Mbuzi wa Mwende Nimewapokea Mimi

Kwako Baba, huko Emali,

Jumamosi ile uliondoka kwetu bila kumuaga mtu. Nilikuona ukipita kando ya ua, kofia umeishusha hadi machoni, nikafurahi. Sitakudanganya, nilifurahi sana.

Unakumbuka ulivyotuacha hapa Mutomo? Udongo wa kaburi la Mama ulikuwa haujakauka. Mdogo wangu Mwende alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, nami sijaota hata ndevu. Ulifunga godoro kwenye pikipiki ukaniambia, "Huyo mtoto mpeleke kwa nyanya yake. Wewe hata kuamka hujui, utamlea nani?"

Neno hilo la kuamka ndilo lililonilea, Baba. Tangu siku ile, kuku wakishuka hunikuta shambani. Mvua ikikataa, nilichimba matuta. Nikiugua, nilichimba hivyo hivyo, kwa hasira tu. Watu wa kanisani walinisifu kwa bidii. Hawakujua ninapigana na wewe.

Mwende sikumdekeza. Siku moja alijikwaa na mtungi, maji yote yakamwagika, akabaki chini akinitazama nimwinue. Nikamwambia, "Inuka mwenyewe, halafu turudi mtoni pamoja." Alilia njia nzima, lakini alirudi. Alipomaliza shule nilimpeleka kwa fundi wa pampu za maji. Leo pampu ya kisima ikikwama, hata wazee wanamwita yeye.

Halafu ukasikia anaolewa. Ukaja Jumamosi hiyo na koti jipya, ukakalia kiti cha mwenye boma kana kwamba ulikuwa umetoka sokoni tu. Wakwe wakaleta mbuzi wa ntheo, wale ambao bila wao kwetu Ukambani ndoa si ndoa. Mzee wao akauliza, "Baba wa msichana ni nani, atupokee?" Ukasimama.

Ningeweza kukuzuia. Nilikuacha makusudi, kwa sababu nilijua nimelea mtu wa aina gani.

Mwende akatoka jikoni akipangusa mikono kwa leso. "Karibu sana, mzee," alikwambia kwa heshima zote, "lakini wageni wanakaa kule kwa hema." Kisha akanigeukia mimi. "Baba, njoo upokee."

Nilipita mbele yako polepole, polepole kabisa, ili uone. Nikazishika kamba za wale mbuzi, na boma lote likapiga vigelegele.

Mchungaji ananiambia nikusamehe. Nimemjibu aendelee kuniombea, maana bado naufurahia ule mwendo wako wa kwenda kukaa na wageni chini ya hema. Wanangu wawili wanaamka wenyewe siku hizi, wanafua sare zao bila kusukumwa. Juzi yule mdogo aliniuliza mzee wa koti alikuwa nani.

"Ni mtu wa Emali," nikamwambia. "Alikuja kula."

Basi ulikula, na hakuna aliyekunyima. Kaa huko huko salama.

Ni mimi,
Baba yake Mwende.