Wino wa Zambarau

Jumatatu, 3 Hidar

Tumefika wasichana mia na kumi na wawili kwenye kundi letu la Telegramu! Kwa nje ni kundi la wapenzi wa kahawa; kwa ndani, wasichana tunaopenda wasichana. Anayeomba kuingia huulizwa: wewe huondoka kikombe cha ngapi? Wetu hujibu: nabaki hadi baraka – yaani kikombe cha tatu, cha mwisho. Humo hatutumii majina ya kweli. Mimi ni Tenadamu, lile jani la kutia kwenye kahawa. Miaka ishirini na sita nilidhani niko peke yangu Addis nzima.

Leo nilituma picha. Mkono wangu tu, na kikombe. Iliki, mwenzangu wa humo kundini, akawahi: Wee Tenadamu, kidole kina wino wa muhuri! Futa! Nimefuta. Ilikaa dakika nne.

Jumatano, 5 Hidar

Dakika nne zimetosha. Yule mwanamume wa TikTok anayewaanika wasichana kama sisi ameiweka. Anasema ni karani wa serikali, anayemjua amtaje. Mwezi jana alimwanika muuza viatu – kaka zake wakamvunja mkono.

Ofisini wameitazama mbele yangu. Ato Gizachew, mkuu wetu, akaamuru kwa mzaha tuinue vidole gumba. Vyote zambarau! Eti, basi leo nafunga ofisi! Wakacheka. Nami nikacheka, nikiwa nimechelewa kidogo. Tsedale, msichana aliyehamishiwa kwetu juzijuzi, hakucheka. Alikuwa anatazama kovu langu, juu ya ukucha. Pichani linaonekana.

Alhamisi, 6 Hidar

Nimefunga kidole plasta. Ujinga! Mama Worknesh, anayetupikia kahawa, akaniuliza mbele ya wote: umejikata lini, mwanangu?

Iliki kimya tangu jana. Simjui jina wala mtaa. Nijitoe kundini? Nikijitoa nimebaki na nani?

Ijumaa, 7 Hidar

Niko msalani kazini, naandika nimesimama. Baada ya kikombe cha pili wenzetu walirudi mezani kwao. Nikainuka. Tsedale akanishika mkono: kaa, dada, usiikimbie baraka. Kila mtu husema hivyo! Hata mama yangu. Lakini akachukua jani la tenadamu, akaliweka kwenye kisahani changu, taratibu. Simu yake mezani, imelazwa kifudifudi; sijui kama inarekodi.

Kama ni Iliki, nimemwacha peke yake pale. Kama siye –

Anagonga mlango. Dada, kahawa inapoa. Jani nitie, nisitie?

Nimenawa mara tatu. Plasta imelowa, inabanduka yenyewe.