Bili Chini ya Kopo la Sukari

Jumatatu, 3 Machi

Bili ya umeme imekuja. Kwa jina langu, herufi kubwa zote, kama barua ya polisi. Mwezi wa nne huu tangu wifi yangu, dada wa mume wangu, apange chumba changu cha mbele na oveni yake ya umeme. Mwezi wa nne huu nalipa peke yangu. Mimi nina cherehani moja ya umeme na pasi. Yeye anaoka keki tangu alfajiri mpaka kuta zinatoa jasho.

Nimeiweka bili kwenye meza ya jikoni chini ya kopo la sukari, juu ya zile tatu za zamani, nusu imechungulia nje. Halafu nikashusha pumzi — ndefu, ya kusikika hadi kwa jirani. Akatia sukari kwenye chai, akakoroga, akasema chai ya leo imekolea.

Sawa, Bibi Keki. Naandika hapa nisije nikasahau hata moja.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimesema. Karibu niseme. Nimemwambia, wifi, umeme mwezi huu umepanda. Akasema pole wifi, maisha yamekuwa magumu. Pole! Ananipa pole ya umeme anaoula yeye! Akanikatia kipande cha keki. Nimekila. Kitamu, na hilo limenikera zaidi.

Mume wangu kapiga simu kutoka barabarani. Yeye na lori lake, kwa mwezi yuko nyumbani siku nne. Nikamweleza. Akauliza kama nimemwambia dada yake alipe. Nikasema anajua. Akauliza tena, lakini umemwambia? Nikasema mtu mzima haambiwi. Akasema hayo ni mambo ya mawifi, yeye hayumo, na mtandao unakatika. Mtandao wake hukatika palepale anapotajwa dada yake.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeutafuta mkataba. Nyumba hii nimepanga mimi, si mume wangu. Mwenye nyumba alinikubalia nimpangishe mtu chumba kimoja kwa sharti kwamba mwenye kujibu kila kitu ni mimi. Basi wifi alipohamia tukaandikiana kwenye karatasi ya daftari. Kodi niliiandika vizuri, na tarehe yake. Nikafika kwenye maji na umeme. Nakumbuka kabisa. Amekaa mbele yangu, begi mapajani, macho mekundu, kaachika wiki ileile. Nikaona haya kuandika nusu kwa nusu. Nikaandika: "Bili tutasaidiana."

Tutasaidiana. Kwa mkono wangu mwenyewe!

Nimempelekea mwenye nyumba. Mzee kavaa miwani, kaisoma mara mbili, kasema binti yangu, huu si mkataba, hii ni hotuba ya harusi. Kwake yeye mdaiwa ni mimi. Kwa watu wa umeme mdaiwa ni mimi. Wifi hayumo popote, anaoka tu.

Nimerudi njia nzima naongea peke yangu. Huyu lazima anitambue.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata oda! Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana anataka sketi themanini za marinda, mwisho Jumatano ijayo, tarehe 19. Nikichelewa anampa fundi wa mtaa wa chini, na akishampa yule ndiyo basi, hairudi kwangu. Oda hii ni kodi yangu ya nusu mwaka. Bila hii sina nyumba.

Nikaenda chumba cha mbele kumringia wifi. Kumbe naye ana yake: keki ya harusi, ghorofa tano, Jumamosi hii. Mabati ya kuokea kayapanga juu ya cherehani ya kukanyaga ya marehemu mama mkwe, lile dude la chuma nililomwambia siku anahamia aliuze chuma chakavu. Alinijibu ni ya mama, na gurudumu lake bado linazunguka.

Nikabaki nimesimama namtazama anahesabu mayai huku anaimba. Ndipo wazo likaja, taratibu, tamu. Akaunti ya umeme ni ya nani? Yangu. Nani anaweza kwenda kuomba ukatwe? Mimi peke yangu.

Leo nimekula sahani mbili.

Alhamisi, 13 Machi

Ofisi ya umeme, dirisha namba mbili. Karani msichana, anatafuna bazoka. Nikasema nataka umeme wangu ukatwe. Akauliza, kusitisha au kufunga akaunti? Nikamuuliza kipi cha haraka. Akasema kufunga, kesho asubuhi fundi anakuja. Fungeni, nikasema.

Akaanza kunisomea masharti nyuma ya fomu. Midomo yake ilikuwa inacheza, sikusikia kitu. Nilikuwa naona keki ya ghorofa tano, mbichi katikati, na bibi harusi analia. Nikatia saini. Nikalipa bili ya mwezi huu palepale, yote, bila kinyongo. Niseme ukweli, nimetoka mle ndani nikiwa mwepesi.

Mpango: kesho wanakata. Jumamosi harusi inapita bila keki. Jumapili wifi anakuja kwangu na bahasha mkononi. Jumatatu narudishiwa umeme. Mimi nakata vitambaa na kupanga marinda wakati huo, sipotezi kitu.

Ijumaa, 14 Machi

Fundi wa umeme kafika saa tatu na ngazi yake. Oveni ikazima na keki mbili ndani. Wifi katoka mbio, unga puani, anauliza kuna nini. Nikasema hata mimi nashangaa. Nimesema hivyo, bila kupepesa jicho. Fundi akanitazama, akatazama fomu mkononi mwake, akanyamaza. Mungu ampe maisha marefu.

Nikamfuata nje. Nikamnong'oneza, Jumatatu mnakuja saa ngapi kurudisha? Akasema Jumatatu ipi, mama. Mita alikuwa ameshaifungua na kuitia kwenye mfuko. Ukifunga akaunti mita inarudi stoo. Unaomba upya, anakuja mkaguzi wa nyaya, unapanga foleni. Siku kumi na nne za kazi, wakiwahi. Yote yamo kwenye masharti.

Sketi themanini. Nimeshona kumi na moja.

Jumamosi, 15 Machi

Keki imeenda harusini. Ghorofa zote tano! Nimeiona kwa macho yangu inapakiwa garini, nyeupe, haina hata ufa. Mwokaji mikate wa mtaa wa pili kampa wifi tanuri lake la kuni toka jana mchana. Wifi alikwenda tu akamwambia nina shida, nataka kitu fulani, kwa siku moja. Akapewa.

Mimi nimegonga kwa jirani wa kulia kuomba umeme kwa waya mrefu. Mwaka jana aliniomba mimi, nikamwambia wa kwangu ni dhaifu. Leo kasema wa kwake ni dhaifu. Hata tabasamu kaniiga.

Jirani wa kushoto kasafiri. Rafiki mwenye cherehani sina, mafundi wote hapa nimegombana nao kwa ajili ya wateja. Nimekaa kitandani na vitambaa vyangu. Nimelia kidogo. Kwa hasira, si kwa kingine.

Jumapili, 16 Machi

Tangu asubuhi nashona kwa mkono. Sketi moja na nusu. Kidole gumba hakisikii tena.

Wifi kaingia bila hodi, kavuta kiti. Anajua. Fomu ya umeme nilikuwa nimeikunja ndani ya daftari la vipimo, naye alikuja kuazima penseli nikiwa bafuni. Nilijiandaa kwa matusi, nikawa na yangu tayari. Hakupandisha sauti. Kasema, wifi, miezi minne nakusikia unashusha pumzi. Nilidhani una pumu.

Kasema zile keki mbili zilizoharibika ananidai. Halafu kasema cherehani ya mama iko wazi, mabati ameyatoa, mafuta ameitia, mkanda mpya ameufunga. Usiku na mchana nitamaliza kabla ya Jumatano. Nikainuka. Akanikalisha kwa mkono. Kasema safari hii tuandikiane kweli, akaniwekea karatasi na kalamu, akaenda jikoni kuwasha jiko la mkaa.

Nimeisoma mara tatu. Mwandiko mzuri, mbaya kabisa! Sindano ikivunjika ni ya mtumiaji. Mafuta ya mtumiaji. Keki mbili zilizoharibika ni za aliyeita fundi wa umeme. Umeme ukirudi, nusu kwa nusu, kila tarehe tano. Mwenye kudai atamke anachodai, kwa mdomo, siku hiyohiyo. Neno "tutasaidiana" halitumiki. Hakuna pa kuchomokea, na mimi ndiye niliyemfundisha.

Chini kabisa kaacha nafasi. "Deni la umeme la miezi minne, ninalodaiwa na wifi yangu, ni:" — halafu mstari mtupu. Nijaze mwenyewe. Sijawahi kumtajia kiasi. Kaniachia mkono wangu uandike unachotaka, na yeye kasema atalipa leo.

Nusu yake naijua kwa kichwa. Inaanza na nne.

Nimeandika saba.

Saba ya miezi minne ya kushusha pumzi. Saba ya ile "pole". Saba ya siku tatu hizi, ya jirani, ya hiki kidole. Ni haki yangu. Zimebaki sifuri tu, na saini.

Wifi ananiita kutoka jikoni. Chai iko tayari, anauliza nitie vijiko vingapi. Bili zote nne bado ziko palepale nilipoziweka, chini ya sukari, kila moja na kiasi chake. Namsikia anainua kopo.