Kande za Elieza

Nairobi

Dada yangu Naomi,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, ya moyo usiniulize. Baridi ya huko Shume imewaachia? Na kifua cha mama?

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Sijui hata nianzie wapi. Ile santuri niliirekodi kwa ajili yenu: gitaa moja, sauti ya chini, nyimbo za nyumbani tupu. Msumeno wa marehemu baba umo. Harusi yako imo, pamoja na mvua yake. Ule wimbo wa kaka Elieza, wa “Mama, Niwekee Kande”, niliuimba kana kwamba ni yeye anayesema, nikaishusha sauti mpaka ikafanana na yake. Fundi mitambo alinisifu, nami mjinga nikafurahi.

Sasa unaniambia kila redio inapoupiga, mama anamwekea Elieza kande jikoni, na asubuhi mnazikuta zimepoa, naye anasema kachelewa tu. Elieza huyu aliyeshuka Mombo na lori la mbao asipande tena mlimani! Mchungaji alikwishamwombea, sisi tukalia tukamaliza. Tena ulimweleza kwamba anayeimba ni mimi, akakujibu, “Naomi, mimi nisiijue sauti ya mwanangu?” Na zile nyimbo nyingine, nilizoziimba kwa sauti yangu mwenyewe, anazisikiliza na kusema, “Huyu kijana wa watu anaimba vizuri.” Hapo nililia, dada. Kijana wa watu!

Nilikwenda redioni kuwaomba wasiupige tena. Wakacheka, wakasema ndio unaoombwa kuliko zote. Maji yakimwagika hayazoleki. Ningekuja nisimame mbele yake nimwimbie, lakini mpaka wa nchi hizi mbili umefungwa, na hata barua hii inapita mikononi mwa watu. Sina la kufanya. Usimnyang'anye ile sahani ya kande. Wala usimwache akeshe akimngoja. Unaona? Nakuagiza mambo mawili yasiyokaa pamoja.

Nisalimie shemeji na watoto, na mama mkubwa wa Mlalo, na mwalimu wa kwaya aliyekuwa akinifukuza kwa kuimba chini chini.

Mama msalimie sana. Mwambie salamu ni zangu, Zakaria. Ukiona anazipokea kama za kijana wa watu, basi mwambie zimetoka kwa Elieza.

Mdogo wako,
Zakaria