Kipimo cha Luqman na Posa ya Hafsa

Bi Mwanarusi, shikamoo. Mimi ni Mwanapili wa Msambweni, nakuomba unishike mkono, jambo hili limenikaa kifuani.

Mwanangu Luqman anafanya kazi jikoni katika hoteli moja ya Diani, na baada ya mvua alishikwa na homa akiwa kazini, na wewe unawajua vijana wa mahotelini, mgeni akifunga mizigo humwachia mhudumu sabuni, viatu, hata dawa alizobakisha, basi mwenzake mmoja wa bara, Trevor, alikuwa na vidonge vya malaria alivyoachiwa na Mzungu, akampa kwa nia njema, "Meza hizi, ni kali, za majuu," na Luqman akameza. Lo! Mkojo ukatoka mweusi kama kahawa tungu, macho yakawa manjano, pumzi zikamwisha, tukamkimbiza hospitalini akaongezwa damu, na daktari hakutosheka, akapeleka damu yake Mombasa kupimwa, jibu likaja kwamba kuna kitu cha kuilinda damu ambacho yeye amepungukiwa tangu kuzaliwa, na dawa nyingine zikimwingia, damu yake huvunjika. Akaniambia ni urithi, umepitia kwangu mimi mama yake, ingawa mimi ni mzima.

Nililia. Lakini nikuambie kweli, sasa najivunia huyu mtoto. Juzi homa ilimrudia, akaenda zahanati, na kabla daktari hajashika kalamu akamwambia, "Shikamoo daktari, mimi nimepimwa damu, kuna dawa hazinifai, naomba tuangalie kwanza." Akapewa nyingine, akapona, yuko kazini. Kifua kilinijaa, Bi Mwanarusi!

Shida ni dada yake, Hafsa. Kijana Boga wa Matuga analeta posa baada ya Idi, na mama yake Boga ana duka, huuza vidonge vya homa kimoja kimoja, na mtoto yeyote wa nyumba ile akipata joto humtibu yeye mwenyewe kutoka kwenye kopo lake. Daktari asema huenda Hafsa naye anaubeba urithi huu, akazaa mwana kama Luqman. Nataka kuwaambia wakwe, lakini kaka yangu Chirau, mjomba wa watoto, ndiye msemaji wa fuko letu, ukoo wa upande wa mama, siku ya posa, naye amekataa katakata, ati tutaitwa watu wa damu mbovu, na fuko letu halijawahi kuinamisha kichwa mbele ya mtu. Na yeye huyo huyo, nilipomhadithia mkojo wa Luqman, aliniambia, "Hata mimi nilipatwa nikiwa mdogo, mama akanipeleka kwa mganga." Nikinyamaza naogopa kumzika mjukuu, nikisema naogopa Hafsa ataachwa, na anampenda Boga kwelikweli. Nifanyeje?

*

Marahaba, Mwanapili. Pole kwa yaliyokupata, na hongera kwa Luqman. Mwambie nimemsifu.

Wewe na kaka yako nitawagombeza. Damu mbovu? Nani kawaambia? Kabla ya kukujibu nilimuuliza daktari ninayemwamini, akaniambia urithi huu umeenea katika nchi zenye malaria, pwani yetu ikiwemo, na wataalamu wanaona unampa mtu kinga kiasi dhidi ya homa hiyo. Wazee wenu walibaki hai hapa bila hata kidonge kimoja. Aibu iko wapi?

Tena ninyi Wadigo mwanishangaza! Zamani si mpwa ndiye aliyerithi shamba la mjomba wake, kwa upande wa mama? Basi urithi huu nao umepita njia ileile, kwa mama yenu, ukamshika Chirau, kisha kwako, ukamshika Luqman. Chirau asijitoe. Naye akapimwe, mvi zake asizionee haya, ili ajue vidonge asivyopaswa kugusa.

Hafsa naye mpeleke. Kwa wanawake kipimo hakisemi waziwazi kila mara, kwa hiyo jibu lolote litakalotoka, akijaaliwa mtoto daktari aambiwe habari za Luqman, na mtoto apimwe kabla ya kupewa dawa kama zile alizomeza Luqman. Mtoto wa namna hii hukua, akacheza mpira, akaoa. Malaria yake ina dawa, muradi achaguliwe inayomfaa. Na huyo Trevor aambiwe dawa za wageni si zawadi.

Hafsa amwambie Boga mwenyewe kwanza, asije akasikia mbele za watu. Siku ya posa Chirau avae kanzu yake nzuri, aketi mbele, aseme kwa sauti: "Tunawapa binti yetu, na tunawapa habari za damu yetu, ili mjukuu wenu aishi." Mama mwenye duka akikunja uso, muulize kwa upole, "Na ninyi, bibi, mmeshapimwa?"

Wakikataa, wape kahawa, wasindikize hadi barabarani, urudi ndani umfute binti yako machozi. Atalia, naam, lakini hatalia kaburini kwa mwanawe.

Wakikubali, sharti lako liwe moja. Mjukuu akizaliwa, kopo la bibi lisimguse mpaka Luqman, mjomba wake, amempeleka kupimwa. Katika fuko lenu, hiyo sasa ndiyo kazi ya mjomba.