Patasi Kumi na Sita

Fundi wangu Athmani,

Shikamoo. Marahaba yako nitakuja kuidai huko huko.

Nimekasirika, na nalisema mapema nisije nikaandika mazuri matupu. Patasi zako zimegawanywa. Kumi na sita: mkeo Bi Zuhura thumni yake, mbili, wanao watatu wa kiume nne nne, binti yako mbili. Hesabu ilitoka sawasawa, haikubaki hata moja. Mimi niliyezinoa miaka kumi na moja nilikuwa nimesimama pale na sinia la kahawa. Omari, mkubwa wao, akanicheka: "Kadzo, wewe warithi kwa nani? Kwenu si Kaloleni?"

Uliniambia mara ngapi, fundi, nikizipaka mafuta, "Hizi zako, mwanangu, nikiondoka"? Mimi nahesabu kila kitu, hiyo sikuihesabu. Ungelisema mara moja tu mbele ya watu wawili, ingelikuwa wasia. Thuluthi ya kumi na sita ni tano na ziada. Tano zingenitosha! Lakini ulisema tukiwa peke yetu, nami nikaona haya. Utamwambiaje mzee wako aite mashahidi wa kifo chake?

Nikaingia kwa Bi Zuhura, yumo edani bado. Akanishika mkono. "Nami nilimsikia akisema, mwanangu. Lakini mimi nani atanisikia?" Akanipa zake mbili, zile bapa. Nililia, fundi. Alinipa alichokuwa nacho.

Niliyoitaka ni ile ya mviringo, uliyoinoa hadi ikabaki nusu. Mlango wa yule mwenye duka la vitambaa uliuacha upande wa kushoto umekwisha, wa kulia ubao mtupu. Na maua yako hayakuwa na kipimo kingine: pigo moja la patasi ile, jani moja. Majani tisa, ua limefunga. Patasi yenyewe ameichukua Omari. Nimeomba kuiazima tu. Mara mbili amesema "nakuletea", mara ya tatu hakupokea simu. Nasikia anaifungulia makopo ya rangi.

Basi nikaenda kwa mhunzi kule Kibarani, akanifulia nyingine kwa springi ya gari. Yako ilikuwa milimita tisa, hii kumi. Tisa kwa tisa ni themanini na moja, ndio mzunguko wa ua lako; kumi inaingia mara nane, inabaki moja. Ningeweza kuipunguza. Nilishika tupa, nikakaa nayo... sijui muda gani. Kisha nikaiweka chini. Tisa ni mkono wako, na mkono wako wamegawiwa wengine.

Nikachonga nane nane. Ile milimita moja nimeipoteza kwenye nafasi za katikati, huwezi kuiona. Mwenye mlango yeye aliona. Akahesabu kwa kidole, kushoto, kulia, akauliza, "Mbona huku nane?" Nikamwambia, "Huku ni Kadzo." Akaita watu wauinue.

Nilidhani ningefurahi. Nilirudi karakanani nikageuka nikuulize kama umeona, hupo.

Pumzika, mzee wangu. Sijakusamehe yote, ila nakuombea yote. Na hili naahidi: nitakayemfundisha, siku nitakayompa patasi zangu, nitampa mchana, mbele ya watu, nikiwa hai, nimwone akizishika.

Mimi mwanao,
Kadzo