Kengele ya Reli

Neema mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Rudewa tu wazima. Babu yako anakohoa kidogo, na mahindi yamebeba vizuri.

Sasa huyo kiongozi wa kwaya aliyekukataza kuimba kwa sababu una mashaka ya imani, ni nani hasa? Amenikasirisha hata chai sikumaliza! Nawe unaniuliza kama uache kanisa!

Sikiliza. Wakati wa Operesheni Vijiji serikali ilitushusha hapa kutoka mlimani, siku nne tu baada ya kumzika mwanangu wa kwanza. Kanisa lilikuwa banda la nyasi, na kengele yake kipande cha reli kilichotundikwa mtini. Kazi ya kuigonga nikapewa mimi. Nikamwambia mwinjilisti, "Tafuta mwingine. Mimi na Mungu hatusemeshani."

Akanipa chuma cha kugongea mkononi. "Mama, sijakuambia usali. Nimekuambia ugonge."

Niligonga kwa hasira mikono ikafa ganzi. Watu wakaingia kusali, mimi nikabaki nje nimewapa mgongo. Mwaka mzima sikutamka hata amina, lakini sikukosa Jumapili hata moja. Nilikuwa nampigia Mungu kelele. Ndipo siku moja, chuma kikiwa mkononi, nikajiuliza: nani humpigia kelele mtu asiyekuwepo? Mvua ikaanza, nikaingia ndani.

Kuhusu mwanangu, Mungu hajanijibu mpaka leo. Na mpaka leo kengele nagonga mimi.

Jumapili kaimbe.

Bibi yako