Kikombe Kikae Mezani

Chumba Na. 6, Ghorofa ya Tatu,
S.L.P. 418.
12 Septemba

Mpendwa Dada,

Hujambo? Shemeji je, mgongo umetulia? Na Mama, anapata usingizi na magoti yale? Mimi mzima wa afya, ila nimekonda kidogo, na sitaki unicheke. Kaa kitako, nina habari.

Unajua kampuni ilinileta huku kufungua mkahawa wetu wa kwanza ng'ambo. Kahawa ni ileile ya nyumbani, mashine mpya, viti vinang'aa. Lakini kwa wiki tatu watu wakawa wanaingia mara moja, hawarudi. Meneja mkuu akaandika kwamba anakuja Ijumaa, na akikuta viti vitupu anafunga duka. Dada, hebu fikiria. Ningerudije na begi langu, mimi niliyewaaga kwa mbwembwe zote zile?

Kumbe mchawi ni mimi mwenyewe. Si unajua kwetu, kikombe kikiisha tu Mama ameshakiosha. Na kitabu cha kanuni cha kampuni kinasema hivyohivyo: meza iwe safi ndani ya dakika moja. Basi mteja akimeza funda la mwisho, mimi huyo, nimeshanyakua kikombe na kufuta meza. Mwosha vyombo wetu, mama wa hukuhuku, alinitazama siku nyingi mpaka uvumilivu ukamshinda. Akaniuliza, "Hawa watu wamekukosea nini hata unawafukuza?" Huku ukiondoa kikombe cha mtu, umemwambia anyanyuke aende zake. Niliona haya, nikatamani ardhi inimeze. Nimetimua mtaa mzima huku natabasamu!

Jumatatu nikakifungia kile kitabu kabatini. Hakuna kugusa kikombe mpaka mwenyewe aondoke. Jumanne fundi viatu mmoja mzee akakaa masaa mawili, akaagiza cha pili, kesho yake akaja na wenzake watano. Mikono iliniwasha jamani, nikaificha mifukoni.

Ijumaa meneja akaingia. Hapakuwa na kiti kitupu, na kila meza ina vikombe vichafu vitatu, vinne. Akatoa macho. Nikamweleza yote nimesimama kama mshtakiwa, nikampisha kwenye kigoda changu cha kaunta, nikampa kahawa. Alipomaliza akanisogezea kikombe nikichukue. Sikukichukua. Akacheka mpaka akajifuta machozi, akaagiza kingine.

Dada, hafungi. Anafungua matawi mengine manne, na mimi ndiye nitakayewafundisha wafanyakazi wote. Nina furaha hata kula nasahau.

Ila mkataba ni wa miaka mitatu, nami nimeshatia saini. Mama bado anajua narudi Desemba. Nitampigia Jumapili baada ya chakula cha mchana. Tafadhali, uwe umekaa karibu naye.

Nisalimie Shemeji, Mama Mdogo na Mtukutu wako. Mungu awalinde nyote.

Mdogo wako anayekupenda na kukukumbuka,
Kiroboto